Tufe la mzinga: anza na kipenyo, mizani baadaye

Tufe la chuma likiokotwa shambani au likiopolewa baharini, wengi hukimbilia mizani. Ni kweli kwamba mizinga ya zamani iliitwa kwa uzito wa tufe lake: ratili 9, 12, 24, 32. Lakini huo ni uzito wa tufe jipya. Lililokaa majini miaka mia tatu linaweza kuwa limepoteza sehemu kubwa ya chuma chake na umbo likabaki vilevile. Kwa hiyo mimi naanza na kipenyo.

Zungusha tepu ya fundi cherehani penye unene mkubwa zaidi, katika mielekeo mitatu, kisha gawanya kila kipimo kwa 3.14. Chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe mara tatu (k × k × k), halafu zidisha jibu kwa 3.8. Hapo unapata makadirio ya gramu za chuma cha kusubu. Mzunguko wa sentimita 44.3 unatoa kipenyo cha 14.1, na uzito wa kilo 10.6 hivi: tufe la Kiingereza la ratili 24. Mizani ikikupa kilo 7, chuma kimeliwa na chumvi. Angalia pia ratili ni ya nani. Ya Uingereza ni gramu 454, ya Ufaransa ya zamani ilikaribia 490, ndiyo maana tufe la Kifaransa la ratili 36 lilifika ratili 39 za Kiingereza.

Tufe hilo la milimita 141 lilipigwa kwa mzinga wenye mtutu wa milimita 148. Mwanya wa milimita 7 uliachwa makusudi. Matufe hayakutoka kwenye kalibu yakiwa sawasawa, yalishika kutu, na kila mpigo uliacha masizi mazito mtutuni. Gharama yake ilikuwa kubwa: moshi wa baruti ulipita pembeni na nguvu ikapotea, na tufe liligonga huku na huku ndani ya mtutu, likatoka kwa mwelekeo wa mgongano wake wa mwisho. Ukisoma kwamba mizinga hiyo ilikosa shabaha kwa mbali, sababu kubwa ni mwanya huo.

Kupakia kulikuwa na utaratibu usiovunjwa. Kwanza mtutu ulisuguliwa kwa sponji yenye maji ili kuzima makaa. Ikafuata mfuko wa baruti, ambayo mara nyingi ilikuwa theluthi ya uzito wa tufe, kisha tufe, kisha kizibo cha kamba chakavu, vyote vikishindiliwa mpaka mwisho. Mfuko ulitobolewa kupitia tundu la juu, baruti laini ikatiwa tunduni, na utambi ukafuata. Makaa yakisalia, baruti mpya hulipuka wakati mpakiaji yuko mbele ya mdomo wa mzinga. Na tufe lenye magamba ya kutu likikwama katikati ya mtutu, hubaki pengo kati yake na baruti, na hapo mtutu wenyewe unaweza kupasuka. Ndiyo maana mabaharia walipewa kazi ya kugonga kutu kwenye matufe na kuyapaka rangi. Haikuwa adhabu ya kupoteza muda.

Mwanya ndio ulioruhusu pia matufe ya moto, kama yale yaliyochoma mashua za Wahispania zenye mizinga kule Gibraltar, ngome ya Waingereza kusini mwa Uhispania, Septemba 1782. Tufe la ratili 24 likiwa jekundu hutanuka milimita moja na nusu tu, basi bado linaingia. Juu ya baruti kiliwekwa kizibo kikavu, kisha kingine kilicholoweshwa, ndipo tufe likateremshwa na mzinga ukapigwa bila kuchelewa. Kuzidisha moto kuliharibu kazi, kwa kuwa tufe lililolainika hupoteza uviringo.

Kwa pwani yetu, sehemu inayonigusa zaidi ni bahari iliyo chini ya Fort Jesus, Mombasa. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama hapo mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani, na ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Chuma cha maji hayo kinahitaji subira. Chumvi huondoa chuma na kuacha kaboni, kiasi kwamba uso wa tufe hukatika kwa kisu. Ukilianika juani linaweza kupata joto, kisha likapasuka na kumeguka vipande. Libaki majini tangu dakika ya kwanza, kisha lihamishiwe kwenye maji yenye asilimia 2 ya hidroksidi ya sodiamu, ambayo hubadilishwa mpaka kloridi, yaani chumvi iliyojipenyeza kwenye chuma, ishuke. Ni kazi ya miezi, mara nyingi miaka, na ni ya maabara ya makumbusho. Nyumbani usiijaribu.

Si kila tufe ni la mzinga. Vinu vya saruji na vya migodi husaga kwa matufe ya chuma, na tufe la wanariadha wanaume lina kilo 7.26, sawa na ratili 16. La mzinga mara nyingi huonyesha mstari wa kalibu kiunoni na kovu dogo pale chuma kilipomiminwa. Ukiona tundu la mviringo lililozibwa, simama. Hilo ni kombora lenye uwazi ndani, na baruti yake inaweza kuwa bado hai. Usilitoboe, usiligonge, usilipashe moto. Weka alama, ondoa watu, ita polisi.