Marubani wakijadili mkataba, siyo mshahara tu

Vijiweni Mwanjelwa, Mbeya, ikitajwa kwamba marubani wanajadiliana mkataba na kampuni, wengi wanadhani wanadai mshahara tu. Mshahara upo kweli, ila hata wao kwa wao huwa wanabishana kipi kitangulie, kijana anataka ratiba inayoeleweka na siku za kukaa na familia, anayekaribia kustaafu anawaza pensheni. Mapumziko nayo siyo anasa jamani, Marekani na Ulaya sheria inaweka mwisho saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, chama cha marubani kinaweza kuomba zipungue hapo. Ukitaka kuhakiki, mikataba mingine ipo mtandaoni, fungua ukurasa wa yaliyomo uone ratiba, likizo na bima vimejaa kiasi gani.