Mtungi wa mpiga mbizi haujazwi oksijeni tupu

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya Dodoma, hasa watu wanapopanga safari ya Zanzibar: “Mpiga mbizi hubeba oksijeni tupu.” Sivyo. Mtungi wa kawaida hujazwa hewa hii hii tunayovuta, iliyochujwa na kushindiliwa hadi shinikizo la baa 200 hivi: oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote nitrojeni. Oksijeni tupu kwenye kina kinachozidi mita 6 huweza kuleta degedege, na degedege majini ni kuzama.

Tunachanganya kwa sababu mitungi ya hospitali, ambayo kweli ni ya oksijeni, inafanana na hii. Ukitaka uhakika, mwombe mwalimu wa kupiga mbizi apime kwa kipima oksijeni; kitasoma karibu 20.9.

Kosa hili lina gharama: nitrojeni huyeyuka mwilini ukiwa chini, na ukipanda haraka hutoka kama mapovu yenye madhara; anayeisahau hupanda haraka. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, simama dakika 3 kwenye mita 5, wala usibane pumzi. Ukishapiga mbizi mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya ndege. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa hupungua kama ndegeni, kwa hiyo hata wa basi asubiri.

Ukitumiwa ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze.