Ploti yako imelala? Kabla ya bembea, panda kivuli

Kila wiki hapa kwenye meza yangu ya idara ya mipango ya ardhi hakosi mtu mwenye ploti iliyolala, ya kununua ama ya urithi, ekari moja ama mbili huko Mtwapa, Kikambala, Vipingo, huku Pwani ya Kenya, na ameshaamua anataka kuifanya mahali pa watu kuja kupumzika wikendi na watoto. Nikimuuliza umeanza na nini ananitolea simu anionyeshe picha, bembea, swimingi puli, vibanda vya makuti, na fundi kashapiga hesabu. Kivuli je? Kimya.

Sasa wewe fikiria, shule zimefungwa Desemba, kaskazi inavuma, saa saba mchana, mama kaleta watoto watatu kwako kalipa kiingilio, hiyo bembea ya chuma mtoto hawezi hata kuishika. Nusu saa tu wanarudi kwenye matatu. Huku Pwani mtu hafuati bembea bwana, anafuata kivuli na upepo, hayo mengine ni ziada.

Mfano mimi huwa nautoa wa hapa hapa Bamburi, Haller Park, ile bustani ya wanyama na miti. Wengi wanaijua kwa twiga na kobe wakubwa, na yule kiboko mtoto Owen aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa pale akashikamana na kobe aitwaye Mzee mpaka dunia nzima ikawazungumza. Lakini kabla ya yote hayo pale palikuwa shimo. Kampuni ya simiti ilianza kazi 1954, ikachimba mawe ya matumbawe mwaka baada ya mwaka, ikaacha uwanja mweupe wa jiwe tupu, hakuna udongo, hakuna nyasi, jua linapiga chini linarudi usoni, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa bwana shamba wa kampuni, akaanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26 zikapona 3 tu! Uliofanya kazi kubwa ni mvinje, huu huu tunaokata nguzo, maana unavumilia chumvi na mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhangaiki sana na rutuba.

Tatizo likawa majani. Majani ya mvinje ni kama sindano, yanaanguka yanalala tu hayaozi, kwa hivyo hata miti ikiwepo udongo haupatikani. Kilichosaidia ni jongoo, ndio, jongoo huyu huyu tunayemfagia mlangoni. Wakaletwa wengi wakatiwa humo, wakala yale majani, mavi yao yakawa mbolea, udongo ukaanza kujijenga kidogo kidogo, baadaye miti mingine ikashika, yakaja mabwawa ya samaki, ndege, wanyama. Watu walianza kufunguliwa geti 1984. Hesabu mwenyewe, miaka 13 baada ya mche wa kwanza.

Sikuambii usubiri miaka 13, wewe una udongo tayari, hata kama ni mchanga mchanga. Ninachosema ni mpango wa kazi uugeuze, miti kwanza na majengo baadaye. Panda mvinje na mwarobaini kwa upande wa upepo kwa sababu inakua haraka, halafu katikati weka mikungu, miembe, mikwaju, hiyo itakuja polepole lakini ndiyo watu watakaa chini yake. Na kama ploti ina mbuyu ama mkwaju mkubwa usije ukaukata ili upate parking, huo mti mmoja una thamani kuliko vibanda vyako vyote. Nyasi za kapeti achana nazo kwanza. Mimi mwenyewe nyumbani nilizipanda Novemba, Februari zikawa rangi ya mkeka.

Haya, makaratasi. Ikiwa shamba limeandikwa la kilimo huwezi kuamka tu ukaanza kuuza tiketi, unahitaji kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na NEMA, mamlaka ya mazingira, nao waulize mapema mradi wako unahitaji tathmini gani ya mazingira. Kama ploti yako inagusa bahari, kile kipande cha mchanga kinachofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi maji yakitoka si chako, Katiba ya 2010 kifungu cha 62 inakihesabu ardhi ya umma, kwa hiyo usifunge wavuvi njia. Na hata ploti ya bara tembea uiangalie vizuri kabla ya kuweka ukuta, maana ploti "tupu" mara nyingi ina njia ya watu wa kijiji kwenda kisimani ama makaburi ya wenyewe, na ukiziba utakuwa na kesi kabla hujapata mteja wa kwanza.

Halafu choo. Hapa nasisitiza sana kwa sababu watu wanakifanya mwisho na pesa zikiwa zimeisha. Jiwe letu la matumbawe lina matundu kama sponji, uchafu wa choo cha shimo unapenya haraka mpaka kwenye maji ya kisima, chako na cha jirani. Jenga septiki tangi iliyozibwa vizuri chini na pembeni, iwe mbali na kisima, na afisa wa afya aje aone shimo likiwa bado wazi, akija mmeshafunika hataona kitu. Kisima nacho usikivute kwa pampu kubwa kutwa nzima ujaze puli, karibu na bahari chumvi itapanda na haiondoki upesi.

Wanaoniuliza waanze lini, mashimo ya miti chimba Februari, jaza samadi na majani makavu uyaache yakae, miche iingie masika ikishika. Kibali utakuwa unakifuatilia huku miti inakua.