Kununua gemu za zamani mtandaoni: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

"Gemu ikizeeka haina mwenyewe."
Sivyo. Kampuni ikiacha kuuza gemu haipotezi haki zake. Kwa sheria ya Marekani, haki za kazi ya kampuni hudumu miaka 95 tangu itolewe, kwa hiyo gemu ya mwaka 1993 bado ina mwenyewe, hata kama mjini inauzwa kwenye flashi.

"Mashine mpya haikubali gemu za DOS."
DOS ni mfumo wa kompyuta wa zamani, na Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha gemu zake yenyewe, ni kweli. Lakini maduka huziuza zikiwa pamoja na DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya enzi hizo. Unabofya, inafunguka.

"Steam au GOG ni mamoja, angalia bei tu."
Haya ni maduka mawili ya gemu mtandaoni, na hapa ndipo makuta (pesa) yetu yanapopotea. Steam ilifunguliwa na kampuni ya Valve mwaka 2003, na gemu zake kwa kawaida unazishusha na kuzifungua kupitia programu ya duka lenyewe. Kucheza bila intaneti kunawezekana, ila sharti uwe umeingia kwanza kwenye akaunti ukiwa na mega (bando la intaneti). GOG, iliyoanzishwa na kampuni ya CD Projekt ya Poland mwaka 2008, inakupa faili la kusakinishia lisilo na kufuli, yaani kizuizi cha kuhakiki mnunuzi. Unalishusha mara moja, unalihifadhi kwenye diski ya nje, na hata ukikaa Ruashi mwezi mzima bila mega, gemu inasakinika. Katika mji ambako SNEL inakata umeme na mega zinaisha kabla ya wiki kwisha, naona jambo hili linashinda punguzo lolote la bei.

Mashine nazo ni suala. Wengi wetu tunanunua okazioni (mashine zilizokwisha kutumika) kutoka Ulaya, na baadhi bado zina Windows 7. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024.

Hata hivyo, tusiionee Steam. Valve hailazimishi watengenezaji kuweka kufuli, na zipo gemu zake zinazofunguka moja kwa moja kutoka kwenye folda. Ugumu ni kuzijua kabla ya kulipa.

"Nikishalipa ni yangu."
Kote unanunua leseni, yaani ruhusa ya kucheza. Tangu mwaka 2025 sheria ya California inawataka wauzaji waseme hivyo waziwazi. Muhimu ni kile ulichobaki nacho. Desemba 2024 gemu mbili za kwanza za Warcraft ziliacha kuuzwa GOG, lakini waliokwisha kuzinunua waliendelea kuzishusha.

"Gemu ni ileile popote."
Heroes of Might and Magic III inatosha kuwa ushahidi. Toleo la HD lililotoka Steam mwaka 2015 halina nyongeza zake mbili. Linalouzwa GOG kwa jina Complete linazo zote. Soma jina la toleo hadi mwisho.

"Ikikataa kufunguka, makuta yamekwenda."
Steam inarudisha fedha ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. GOG inatoa siku 30, hata kama umeishusha na kuicheza. Siku zinahesabiwa tangu unaponunua, kwa hiyo anayeshusha kidogo kidogo kila usiku anaweza kumaliza muda wa Steam kabla hajaiona gemu yenyewe.