Kwa nini "ndiyo" huwahi na "hapana" huchelewa?

Mweka hazina wa kikao cha harusi, Moshi, anampigia shemeji yake aliyeko Arusha. Salamu zinapita vizuri: za nyumbani, za watoto, za kazi. Kisha anauliza, "Sasa shemeji, nikuandikie laki moja?" Kimya. Sekunde moja haijaisha, na mweka hazina ameshajua kwamba laki hiyo haipo. Shemeji hajatamka hata neno moja. Amejuaje?

Amejua kwa sababu majibu yana ratiba. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walichapisha vipimo vya maswali ya ndiyo au hapana katika lugha 10, kuanzia Kijapani na Kidenmaki hadi lugha ya jamii moja ya wawindaji kaskazini mwa Namibia. Kiswahili hakikuwemo. Pengo kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu lilikuwa kwa wastani kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Wajapani walijibu karibu papo hapo. Wadenmaki ndio waliokawia kuliko wote, na hata wao wastani wao haukufika nusu sekunde. Majibu ya kukubali yaliwahi kuliko ya kukataa.

Sasa, kutaja tu jina la kitu unachokiona kwenye picha huchukua kama milisekunde 600 kabla sauti haijatoka. Anayejibu ndani ya 200 basi alianza kuliandaa jibu wakati swali bado linaulizwa. Kwa hiyo kimya kirefu kidogo tu husikika kama tukio. Katika simu za Kiingereza zilizochunguzwa, kimya kikivuka takriban sekunde 0.7, majibu ya kukataa huanza kuwa mengi kuliko ya kukubali.

Msingi wa utafiti wa aina hii uliwekwa na Wamarekani watatu, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, ambao mwaka 1974 walichapisha makala yao kuhusu jinsi watu wanavyopokezana zamu za kusema. Sacks alikuwa ameanzia kwenye rekodi za simu zilizopigwa na watu waliokata tamaa kwa kituo cha kuzuia kujiua, Los Angeles. Jefferson ndiye aliyebuni alama za kuandika mazungumzo jinsi yalivyotoka, pamoja na miguno yake. Simu yetu (ni ya kutunga) ingeandikwa hivi:

Mweka hazina: Sasa shemeji, nikuandikie laki moja?
(0.9)
Mweka hazina: Au hata hamsini [kwa kuanzia
Shemeji: [Mmm:: (0.3) unajua shemeji mwezi huu ada za wa- za watoto zimenibana kweli. Labda:: ntaangalia.

Namba kwenye mabano ni kimya kwa sekunde. Mabano ya mraba yanaonyesha waliposemea pamoja, nukta mbili ni sauti iliyovutwa, na kistari ni neno lililokatwa. Tazama mstari wa tatu: muulizaji amejipunguzia bei mwenyewe kabla hajakataliwa. Hiyo ndiyo kazi ya kimya. Kinampa mwenzako nafasi ya kurudi nyuma bila neno la kukataa kutamkwa, na undugu unabaki salama. Kinachofuata kina viungo vyake vya kawaida: mguno, "unajua", sababu, kisha "labda". "Hapana" yenyewe haimo kabisa. Anayekubali hahitaji viungo hivyo. Husema "andika tu" na yameisha, maana hakuna anayedaiwa sababu ya kukubali.

Lakini usikimbilie kusema kila hapana ni nzito. Mtu akisema, "Siku hizi nimezeeka sana," jibu la haraka na la heshima ni "Wala!", na ukinyamaza hapo umeshamwumiza. Ukipita mahali watu wanakula, ukaambiwa "karibu", unajibu "asante, endeleeni" bila kusita, na hakuna anayenuna. Kinachochelewa ni jibu linalokwenda kinyume na lile ambalo swali lilikuwa linalitegemea.

Ukitaka kulichunguza hili mwenyewe, anza na ruhusa ya wote wanaorekodiwa, tena kabla, si baada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sauti ya mtu si mali yako. Rekodi mazungumzo ambayo yangefanyika hata bila wewe. Ukiwaketisha watu na kuwaambia "ongeeni", utapata maigizo. Usitegemee kuwauliza baadaye nini kilisemwa, kwa sababu watu hukumbuka maana, hawakumbuki sekunde. Chagua dakika 3 tu, kwani kuziandika kwa alama ni kazi ya saa kadhaa. Praat na ELAN ni programu za bure zinazoonyesha mawimbi ya sauti, hivyo kimya unakipima kwa kipimo, hukikadirii. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni usafi: mwandishi anafuta "mmm" na "wa- za" ili maandishi yapendeze, na ushahidi wote unaondoka nao.

Kuna mtego mwingine, mtandao. Simu za intaneti huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huo muulizaji huusikia mara mbili: swali likienda, jibu likirudi. Mtandao ukichelewesha milisekunde 300 kila upande, shemeji aliyejibu kwa 200 atasikika amekaa kimya kwa 800. Amekubali kwa moyo mweupe, lakini anasikika kama anayetafuta kisingizio. Hapo ndipo watu huanza kusema kwa pamoja, wakanyamaza pamoja, wakaudhika.

Ucheleweshaji huo unapimika. Watu wawili wapigiane kwa mtandao uleule, wakiwa vyumba jirani na mlango wazi. Mmoja agonge meza mara moja karibu na simu yake. Mwenzake aweke simu yake kwenye spika na kurekodi kwa kifaa kingine, ambacho kitanasa mlio uliopita hewani na ule uliopitia simuni. Muda kati ya milio hiyo, ukizidishwa kwa mbili, ndio unaoupunguza kwenye kila kimya ulichopima upande wa muulizaji.