Hoja ya usalama ni nini?

Hoja ya usalama ni maandishi ambayo mwenye mtambo wa hatari, kama kinu cha nyuklia, humpelekea mdhibiti kueleza nini kinaweza kuharibika, amekizuiaje, na ana ushahidi gani kwamba kizuizi hicho kitafanya kazi. Mzigo wa kuthibitisha anaubeba yeye, si mkaguzi.

Njia ya zamani ya kudhibiti usalama ni orodha ya masharti: ukuta uwe na unene huu, vali iwe ya aina ile. Ni rahisi kuikagua, ila kifaa bora kilichobuniwa baada ya orodha kuandikwa hakina pa kupitia. Tena mtambo waweza kutimiza kila kipengele na bado ukalipuka.

Usiku wa Julai 6, 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilizimika. Wa zamu wakawasha ya pili, bila kujua kuwa mchana mafundi walikuwa wameing'oa vali yake ya usalama na kuziba bomba kwa kifuniko tu. Kibali cha kazi ile kilikuwa kimeandikwa, taarifa haikuwafikia. Watu 167 walikufa. Ripoti ya 1990 ya Lord Cullen, jaji aliyeongoza uchunguzi wa ajali hiyo, ilipendekeza hoja ya usalama kwa majukwaa yote ya Uingereza, na sheria ikafuata 1992.

Wengine hudhani kuacha orodha na kutumia hoja ni kulegeza kamba. Sivyo. Tazama usafiri wa anga, ambako jina hili halitumiki sana lakini mantiki ni ileile. Tangu 1953 Marekani ilizuia ndege za abiria zenye injini mbili kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja cha dharura. Mwaka 1985 ikakubali dakika 120, kwa shirika litakaloonyesha rekodi za injini zake na matengenezo yake. Boeing 767 zikaanza kuvuka Atlantiki kwa njia fupi.

Udhaifu wa hoja ya usalama ni kwamba huweza kuandikwa ili kujaza faili tu. Mwaka 2006 ndege ya kijeshi ya Uingereza aina ya Nimrod iliwaka moto angani Afghanistan, ikaua wote 14. Hoja yake ya usalama ilikuwepo, imesainiwa. Uchunguzi ulikuta waandishi wake walianza na dhana kwamba ndege iliyoruka miaka 30 lazima ni salama.