Mgodi wa Peremende Ulioondolewa: Dhana Potofu Kuhusu Rudolph wa Mwaka 1964

Kipindi maalumu cha Krismasi cha televisheni kiitwacho Rudolph the Red-Nosed Reindeer, hadithi ya vikaragosi kuhusu Rudolph, kulungu wa Santa mwenye pua nyekundu, kilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 6 Desemba 1964 katika kituo cha NBC, na tangu siku hiyo hakuna mwaka uliopita bila kurudiwa. Watoto waliokitazama jioni ile sasa wana wajukuu, lakini ubishi juu ya visa vyake haujaisha. Kwa maoni yangu, mengi ya maswali hayo yana chanzo kimoja: kipindi ambacho watu wengi wamekizoea sicho kilichotoka mwanzoni, kwa kuwa kilikatwa na kuungwa upya mwaka mmoja baadaye, na makovu ya mkasi huo ndiyo yanayodhaniwa kuwa mafumbo au uzembe wa watunzi.

Mfano ulio bora ni wa Yukon Cornelius, mtafuta madini mwenye ndevu nyingi anayekutana na Rudolph njiani. Kila mara huirusha sururu yake juu, ikaanguka na kukita chini, akaichomoa, akailamba ncha yake na kutangaza kwamba hakuna kitu. Kwa miaka mingi watazamaji wameamini kwamba anaonja kama kuna dhahabu au fedha, na wengine wameuona ulambaji huo kuwa kichekesho kisicho na maana. Ukweli ni kwamba ulimi ule ulikuwa ukitafuta peremende. Katika toleo la 1964, karibu na mwisho, Yukon anairusha sururu yake kwa mara nyingine jirani na karakana ya Santa, anailamba, na hatimaye anagundua mgodi wa peremende alioutafuta siku zote. Kipande hicho kiliondolewa mwaka 1965, na swali likabaki hewani bila jibu lake hadi kiliporudishwa katika baadhi ya matoleo ya baadaye.

Sababu ya kukiondoa inatupeleka kwenye dhana nyingine, kwamba Santa aliwaokoa midoli wa kisiwani tangu mwanzo. Wasomaji watakumbuka kisiwa wanakoishi midoli waliokataliwa: treni yenye magurudumu ya mraba, tembo mwenye madoadoa, bastola ya maji inayorusha jeli, na yule mdoli wa kwenye sanduku anayelia kwa sababu anaitwa Charlie badala ya Jack, jina lililozoeleka la midoli wa aina yake. Rudolph anawaahidi kwamba atamwomba Santa awatafutie watoto wa kuwapenda. Katika onyesho la kwanza ahadi hiyo haikuonekana ikitimizwa, kwani Santa aliondoka na zawadi zake na kisiwa hakikutajwa tena. Watazamaji waliandika barua za malalamiko, nami naona walikuwa na haki kabisa, maana mtoto mdogo hasahau ahadi hata kama mtunzi ameisahau. Kwa hiyo mwaka 1965 uliongezwa mwisho mpya ambamo Santa anatua kisiwani na kuwachukua, na ili kupata dakika za kuuweka, mgodi wa peremende ukatolewa.

Mdoli mmoja tu ndiye ambaye historia hii haimwelezi. Ni yule wa kike mwenye gauni lenye mirabaraba, ambaye haonekani kuwa na kasoro yoyote, na watu wengi wamekata shauri kwamba aliwekwa kisiwani kwa makosa. Filamu yenyewe haitaji kasoro yake, lakini miaka mingi baadaye mtayarishaji Arthur Rankin alieleza kwamba tatizo lake ni la moyoni, kwa kuwa alitupwa na aliyekuwa akimmiliki. Nakiri kwamba maelezo yanayotolewa baada ya kazi kwisha hayana uzito wa kilichomo ndani ya filamu, ila haya yanaoana na huzuni anayoionyesha.

Upande wa waigizaji una makosa yake pia. Wengi wanaosikia sauti ya Rudolph huamini kwamba ni ya mvulana, na orodha ya majina ya waigizaji kwenye kipindi iliwasaidia kukosea, kwa kuwa iliandika "Billy Richards". Mwenye sauti hiyo alikuwa Billie Mae Richards, mwigizaji wa kike wa Kanada aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Karibu sauti zote nyingine zilitoka Kanada, mjini Toronto, ambako michezo ya redio ilikuwa bado hai na waigizaji waliozoea kuumba mtu kwa sauti tu walipatikana kwa urahisi. Paul Soles aliigiza Hermey, msaidizi wa Santa anayetamani kuwa daktari wa meno, na Larry D. Mann akawa Yukon.

Vilevile hudhaniwa kwamba Burl Ives, mwimbaji na mshindi wa tuzo ya Oscar, ndiye aliyekuwa nguzo ya kipindi tangu siku ya kwanza. Kwa kweli aliingizwa kazi ikiwa imekwisha kupiga hatua, kwa sababu ilitakiwa nyota mwenye jina kubwa. Hata wimbo wa fedha na dhahabu, ambao ungemfaa zaidi mtafuta madini, ulikuwa umekusudiwa Yukon kabla ya kupewa msimulizi wa kipindi, mtu wa theluji mwenye sauti ya Ives.

Wapo pia wanaofikiri kwamba vikaragosi vile vilivutwa kwa nyuzi katika studio ya Marekani. Vilisogezwa kwa mkono mjini Tokyo, kidogo kidogo, na kupigwa picha moja baada ya nyingine, chini ya Tadahito Mochinaga, fundi Mjapani aliyewahi kufanya kazi hiyo China. Kikaragosi cha Santa kina kimo cha sentimita 28 hivi, na Rudolph hafiki hata 16. Wawili hao waliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa dola 368,000, na mnunuzi akawatoa kwa Center for Puppetry Arts, kituo cha sanaa ya vikaragosi kilichoko Atlanta, Marekani.